Bomba la Kushoto

"Nimelea watoto watano kwa maji yaliyochemka, leo wewe wa juzi unifundishe kujaza birika?" Mama mkwe alikuwa bado anakinga maji kwenye bomba la kushoto, la maji ya moto.

"Sikufundishi, mama. Naomba tu utumie ya baridi."

"Ya baridi yanachukua mwaka kuchemka. Mtoto analia, au masikio umemwazima jirani?"

Mkamwana hakucheka. Binti yake wa miezi miwili alikuwa akitapika kwa siku ya tatu. Asubuhi hiyo fundi bomba alifungua tangi la maji ya moto, akatoa nusu ndoo ya tope jekundu. Mabomba ya baridi ni mapya, alisema, lakini ya moto ni ya zamani na yameungwa kwa risasi, metali yenye sumu. Kuchemsha kunaua vijidudu, risasi inabaki palepale. Na wiki nzima maziwa ya unga ya mtoto yalikuwa yamekorogwa kwa maji hayo.

Mumewe, aliyekuwa mlangoni akimbembeleza mtoto, alinong'ona, "Mwachie mama leo tu. Ataona tunamdharau."

"Akinuna nitamwomba radhi. Huyu akidhurika nitamwambia nini?"

Akalichukua birika mkononi mwa mama mkwe, akamwaga maji yote. Kisha akapiga magoti chini ya sinki, akaifunga koki ya maji ya moto na kuibana kwa koleo mpaka ikagoma kuzunguka. Akainuka na kufungua bomba la baridi.