Wanawake Kumi na Wawili wa Jumanne

Jumanne saa tatu asubuhi mshauri alikuwa anafuta kiti cha wateja kwa kitambaa chenye maji, mama wa mapokezi akachungulia mlangoni na kusema mteja mpya amefika, ila viti havitoshi.

"Kaja na nani?"

"Kaja peke yake. Lakini wako kumi na tatu."

Mshauri akatoka kwenda kuona. Kwenye benchi la ukumbini alikaa mwanamke wa makamo, mwembamba, karatasi ya kuachiliwa mkononi ikiwa imekunjwa mara nne. Kando yake na nyuma yake, wengine wameketi na wengine wameegemea ukuta, walikuwepo wanawake kumi na wawili wenye sare ya gereza, na wote walikuwa yeye. Wa kwanza alikuwa bado amejaa mwili, macho yamevimba kwa kulia. Wa nne alikuwa amenyolewa kipara. Wa sita alitetemeka homa. Kadiri foleni ilivyosogea kuelekea ngazi ndivyo sare zilivyozidi kupauka.

"Ni miaka yangu," mwanamke akasema, kwa sauti ya mzazi aliyelazimika kuja na watoto wote kliniki. "Nilipotoka getini ikanifuata. Samahani, afande."

Mshauri hakujali kuitwa afande. Watu waliotoka gerezani karibuni humwita kila mtu afande, hata muuza mkate. Ni kweli kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwa askari wa gereza la wanawake kwa miaka saba kabla ya kwenda kusomea ushauri nasaha, lakini hilo hakuwa akiwaambia wateja. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya kinyozi, na wengi waliopanda ngazi zile hawakuja mikono mitupu. Mwezi uliopita fundi bomba mmoja alikuja na ukuta wake, ikabidi uingizwe kwa ubavu.

Fomu ya usajili ilikuwa na nafasi ya jina moja. Mama wa mapokezi akaandika jina moja, na penye maelezo mengine akaandika: yuko na wenzake.

Mteja alikuwa fundi cherehani. Faili lake lilisema alimchoma mkasi shemeji yake, mume wa mdogo wake, siku aliyomkuta amemkaba mdogo wake jikoni. Shemeji akafa siku ya tatu. Hukumu, miaka tisa. Mshauri akainua macho na kuhesabu tena wanawake, safari hii kwa kidole. Kumi na wawili. Akajiambia kwamba pengine karani alikosea kuandika, akafunga faili, akamwomba Fundi aanze anapotaka.

"Aanze yeye," Fundi akasema, akimwonyesha aliyevimba macho.

Wa Kwanza akaongea saa nzima. Aliongea habari ya mtoto wa kike wa miaka minne aliyebaki kwa bibi yake, na jinsi maziwa yalivyokuwa yamekauka zamani lakini kifua kikauma hivyo hivyo. Alipomaliza alipangusa pua, akainuka, akaenda kuketi mapajani mwa Fundi, na pale kitini akabaki mtu mmoja. Gauni la Fundi likambana kidogo kwapani.

"Nitalipanua," akasema, akaondoka na wale kumi na mmoja.

Wiki ziliendelea hivyo. Kila Jumanne mwaka mmoja uliongea na kurudi kwa mwenyewe, na kila Jumanne Fundi alikuja gauni lile lile likiwa limefumuliwa mshono na kushonwa upya. Uso wake ulianza kujaa. Wa Nne alicheka sana akieleza vita vyao na chawa. Wa Sita aliongea kidogo kwa sababu ya homa, mshauri akamfunika kwa koti lake. Wa Tisa alikuwa mchangamfu kuliko wote. Alikuwa amehesabu siku kwa kukwangua sabuni, na mwisho wa mwaka wake alikuwa amegawa vyote alivyokuwa navyo, kuanzia kitana mpaka kijiko, kwa sababu kesho yake alikuwa anatoka.

"Na ukatoka?" mshauri akauliza, ingawa alishawaona watatu waliosimama dirishani.

"Mimi nilifika mpaka usiku wa kuamkia," Wa Tisa akasema. "Ya kesho yake muulize huyo." Akaenda kuketi mapajani mwa mwenyewe.

Jumanne ya kumi, Wa Kumi aligoma kukaa. Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akageuka, akarudi, na wenzake wawili wakamfuata kwa nyuma. Walitembea kwa kasi ya watu wanaokaribia kuchelewa. Mbao za sakafu zikalia. Kinyozi wa chini akagonga dari kwa mpini wa fagio, wao wakaendelea.

"Ungependa kuanzia wapi?" mshauri akauliza.

"Wewe unajua pa kuanzia," Wa Kumi akasema bila kusimama. "Ulikuwa getini siku ile. Nilikuja na mfuko wangu, nikakwambia leo ndiyo siku yangu. Ukapitisha kidole kwenye orodha. Ukasema jina halipo, rudi ndani. Nikarudi kesho yake. Nikarudi na wiki iliyofuata. Mara ya nne ukaniambia nisikuzoee."

Mshauri hakuikumbuka siku hiyo. Alikumbuka orodha, ubao wenye kibanio, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Alikumbuka kwamba ofisi ya kumbukumbu ilikuwa mwendo wa dakika mbili kutoka getini, ng'ambo ya uwanja, na kwamba jua lilikuwa kali kila siku. Mwaka huo huo aliacha kazi akaenda chuo kujifunza kusikiliza watu.

Akamgeukia Fundi. "Ulinijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini hukuomba mshauri mwingine?"

"Nilipangiwa wewe. Na nilizoea kutouliza." Fundi alivuta uzi uliochomoza kwenye pindo la gauni. "Faili langu lilidondoka nyuma ya kabati la ofisi ya kumbukumbu. Wakalikuta miaka mitatu baadaye waliposogeza kabati wapake ukuta rangi. Wakaniita asubuhi, wakaniambia nenda. Kwenye karatasi wakaandika tarehe ile ile ya siku hiyo, wala haisemi kitu kingine."

"Na mtoto?"

Wakati huo ndipo ilipojulikana kwamba Fundi hakuja kwa ajili ya usingizi wala ndoto mbaya, ingawa ndivyo alivyojaza kwenye fomu. Siku ile ya mwanzo wa mwaka wa kumi, binti yake na bibi walikuja getini na gauni la kumvalisha. Walisimama tangu saa mbili hadi lango lilipofungwa. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliamini mama amemdanganya tarehe, hakurudi tena kumwona. Mwaka uliofuata bibi akafariki, na binti akachukuliwa na mama yake mdogo, yule yule aliyekabwa jikoni. Sasa alikuwa na miaka kumi na sita na hakutaka kuonana na mtu.

"Nataka karatasi tu," Fundi akasema. "Yenye muhuri. Iseme ilikuwa tisa, wakanikalisha kumi na miwili. Nimpe aisome mwenyewe."

Jioni hiyo mshauri alikula akiwa amesimama. Mumewe, fundi makanika asiye na maneno mengi, alimwangalia akienda kujaribu kitasa, akirudi, akienda tena.

"Mlango umeukagua mara nne," akasema.

"Najua."

"Unazuia watu wasiingie au wasitoke?"

Alikaa, akainuka, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kesho yake aliwachukua wale watatu mpaka kwa mkuu wa ofisi. Mkuu alikuwa mtu mwenye adabu; aliagiza waletewe viti, hawakukaa, akawaacha wazunguke meza yake. Alisoma hukumu, akahesabu kwa macho, akakubali.

"Nawaona watatu," akasema. "Na hukumu ni tisa. Kwa hiyo hawa si wa kwetu. Ofisi hii inahudumia waliotumikia kifungo. Hawa hawakuwa na kifungo."

"Walikuwa wapi basi, mzee?"

"Hilo la kuwauliza magereza."

"Mimi nilikuwa magereza," mshauri akasema. "Nilikuwa getini. Ni mimi niliyemrudisha."

Mkuu alifunga faili taratibu. "Hilo usiliandike, mama."

Aliliandika. Aliwaandikia magereza barua ya kurasa mbili, akataja tarehe, lango, orodha na dakika mbili za kuvuka uwanja, akatia sahihi na namba yake ya zamani ya askari. Kwa wiki tano alikuwa akiinuka katikati ya mazungumzo na wateja kwenda kuuliza kama posta imekuja. Watatu wale walikuja kila Jumanne na Fundi, wakatembea. Njia ikaanza kuonekana sakafuni, nyeupe, kutoka dirishani hadi mlangoni. Mshauri alisogeza meza ukutani wapate nafasi, na siku nyingine, alipochoka kukaa, alitembea nao.

Jibu lilikuja la mistari minne. Kumbukumbu zilikuwa zimepitiwa. Kumbukumbu zilionyesha mfungwa ameachiliwa kwa tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi ya kuachiliwa. Hakuna muda wowote uliozidi ulioonekana. Walimshukuru kwa utumishi wake wa zamani.

Alimsomea Fundi mara mbili. Fundi akaomba aione barua, akaupapasa muhuri wake kwa kidole gumba, akairudisha.

"Karatasi nzuri," akasema.

Hapo mshauri akafanya jambo ambalo kanuni za kazi haziruhusu. Alimpigia simu mama mdogo, akamwambia amlete binti, si kwa maongezi, ni kwa kuhesabu.

Binti alikuja Jumanne na sare ya shule, daftari kifuani. Mama mdogo alibaki chini kwa kinyozi, akisema ngazi zinamtatiza. Ukweli ni kwamba hakujua atamtazama dada yake kwa macho gani. Binti alisimama kizingitini. Hakumsalimia aliyeketi. Aliwatazama waliokuwa wakitembea, midomo yake ikahesabu bila sauti, na ilikuwa hesabu fupi.

"Nani kati yenu wa siku ile?" akauliza.

Wa Kumi akasimama. Tangu aanze kutembea, ilikuwa mara ya kwanza mshauri kumwona amesimama.

"Mimi nilikuwa ndani, mwanangu. Nilijilaza kifudifudi nikachungulia chini ya lango. Niliona miguu yenu. Bibi alikuwa anahamisha uzito, mguu huu, mguu huu. Wewe soksi yako moja ilikuwa imeshuka."

"Ulikuwepo muda wote?"

"Mpaka mlipogeuka. Uligeuka wewe kwanza."

Binti alibana daftari. Akamtazama mama yake kitini. "Nimeamini," akasema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Lakini mimi nakaa kwa mama mdogo. Nimeshazoea. Sitaki kuhama."

"Sawa," Fundi akasema. Alisema tena, "Sawa," na mikono yake ikaanza kutafuta uzi kwenye pindo ambako hapakuwa na uzi.

Binti akaaga vizuri, mmoja mmoja, mshauri naye akiwemo. Alipoanza kushuka, wale watatu wakamfuata. Mshauri aliinuka kuwazuia.

"Waache," Fundi akasema. "Ile miaka ilikuwa ya kwake. Mimi nitamtembelea Jumapili."

Kutoka dirishani mshauri aliwaona wakivuka barabara: binti na mama mdogo mbele, watatu nyuma. Wa Kumi na Mbili alikuwa anachechemea, maana mwaka ule alianguka kwenye ngazi za jiko la gereza na mguu haukuungwa sawasawa. Binti hakugeuka nyuma hata mara moja, ila walipofika kona alipunguza mwendo.

Wiki iliyofuata simu ililia ofisini. Alikuwa mama mdogo. Alisema wageni wamefika salama, wanalala chumba kimoja na mtoto, usiku hawatembei tena sana. Alikuwa sokoni na alikuwa na swali moja tu.

"Hawa dada zangu wanavaa viatu namba ngapi?"

Mshauri aliwahi kugawa ndala gerezani kwa miaka saba, zote saizi moja. Akasema hajui.

"Basi haidhuru," mama mdogo akasema. "Nitawauliza wenyewe."