Kichaka Kichwani pa Kaburi

Mtu akikwambia kichaka ni alama ya kudumu, mkatalie papo hapo. Fundi cherehani hakukataa, kwa sababu aliyemwambia ni mama yake mdogo, aliyemlea tangu hajaota jino. Aliyekulea humkatalii. Unaitikia "ndiyo, mama" na unatafuta viatu vyako.

Mama mzazi wa fundi alizikwa mlimani, juu ya bonde, mwanawe angali wa kubebwa. Mama mdogo hakutaka kibao kaburini, kibao huliwa na mchwa. Jiwe nalo hakulitaka, maana jiwe zuri lina miguu, kesho utalikuta kwenye msingi wa nyumba ya jirani. Akaenda hadi kwenye magenge ya mawe ya mbali, akang'oa mche wa kichaka cha porini chenye miiba, ambacho hata mbuzi wakikionja hukitema, akaupanda kichwani pa dada yake. Upande ule wa mlima hakikuwako kingine. Kisha wakahamia mjini, na kaburi likabaki na mlinzi wake.

Sasa bonde linageuzwa bwawa. Ukuta ulikwisha kuzibwa, maji yameimeza barabara ya zamani na yanapanda. Mwenye marehemu wake mlimani amhamishe mapema, basi. Mama mdogo, ambaye macho yamemwisha, alikuwa na neno moja tu kwa nyumba nzima.

"Nilimwahidi tutalala bega kwa bega. Mkinizika peke yangu, mtanitambua."

Ndiyo maana asubuhi ile fundi alikuwa anapanda mlima, mama mdogo kamshika bega, nyuma yao wachimbaji wawili wa kukodi. Mmoja, mnene, walimwita Koleo. Mwenzake alikuwa mtu wa kutikisa kichwa tu.

"Usikimbilie ua," mama mdogo alimfunza njiani. "Meupe yako mengi. Anza na majani, yametoka matatu matatu mahali pamoja. Geuza jani, chini lina manyoya."

"Kama mahameli?"

"Wewe na vitambaa vyako. Haya, kama mahameli. Halafu miiba, imepinda kurudi nyuma. Ukiingiza mkono inakukaribisha, ukitoa inakung'ang'ania. Ukishaona hayo, ndiyo utazame ua. Likiwa bado tumba ni la waridi, likifunguka ni jeupe."

Nyumba yao ya zamani ilikwisha kuanguka, na mvua zilisawazisha kila tuta. Fundi alipekua kichaka baada ya kichaka. Hiki majani mawili mawili. Hiki hakina miiba. Kisha akageuza jani, kidole kikapita kwenye mahameli, na alipotoa mkono mwiba ukamkamata shati. Matumba ya waridi, maua meupe. Moyo ukamlipuka kwa furaha.

"Nimempata, mama."

Mama mdogo akapiga magoti, akapapasa shina, akanusa ua. "Ndiye huyu," akasema, na machozi yakamtoka. "Dada, tumekuja kukuchukua. Samahani tumechelewa."

Wachimbaji wakaanza kazi. Fundi akajinyoosha mgongo, akatazama mbele kidogo. Kulikuwa na kingine. Akaenda, akageuza jani. Mahameli. Nyuma ya hicho kingine, na kingine, mpaka kwenye ukingo wa mteremko, na alipofika pale akaona upande mzima wa mlima umechanua mweupe kuteremka hadi majini. Mama mdogo alifikiria mchwa, wezi na mbuzi. Ndege hakuwafikiria. Ndege walikula matunda ya kichaka kile kwa umri wote wa fundi, wakipanda kila walipotua.

Aliporudi, Koleo alikuwa shimoni hadi kiunoni.

"Bosi, udongo huu haujawahi kufukuliwa na mtu," alisema kwa sauti ya chini.

Wakahamia cha pili. Mama mdogo akaletwa, akapapasa, akanusa. "Ndiye huyu," akasema tena, kwa yakini ileile. Chini hapakuwa na kitu. Cha tatu akakigusa, akainua uso, akanusa hewa. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka bondeni.

"Mbona inanukia pande zote?"

Fundi akainama akachomoa mwiba shatini, yeye ambaye dukani humtuliza hata bibi harusi ambaye gauni lake halijaisha.

"Niambie, baba. Viko vingapi?"

"Mlima mzima, mama."

Akakaa chini palepale, mikono kifuani. "Nilipanda mmoja," akasema. "Mmoja tu, ili asipotee."

Yule mchimbaji asiyesema akaweka sururu chini akageukia kando. Maji yalikuwa yamefika kwenye vichaka vya chini kabisa, maua yanaelea. Hata wangechimba mpaka mikono iote malengelenge, maji yasingewangoja.

"Mwite," mama mdogo akasema. "Mimi sauti imenikauka. Wewe ni damu yake, mwite, labda moyo utakuonyesha."

Fundi aliona haya mbele ya wachimbaji, lakini aligeukia mteremko. Tangu azaliwe hakuwahi kumwita mama yake mzazi hata mara moja.

"Mama!"

"Naam, mwanangu," akaitika mama mdogo nyuma yake, kwa mazoea, kabla hajakumbuka kwamba si yeye aliyekuwa anaitwa.