Kautoa Gazetini

Mwaka 1973 shule yetu ya Nechells, mtaa wa Birmingham, Uingereza, iliingia katika mpango mpya. Kila Alhamisi mchana wanafunzi wanne wa kidato cha sita tulipanda basi kwenda chuo kimoja cha mjini kusoma uandishi wa insha. Ukifaulu, chuo kilikuhesabia kuwa umeshamaliza somo hilo la mwaka wa kwanza. Na aliyeongoza kati yetu wanne aliwekewa nafasi ya kuingia chuoni Septemba. Shule moja, nafasi moja. Mimi mtihani wa Kiingereza wa taifa ulikuwa umeniangusha mara mbili. Sikuwa na mlango mwingine.

Katika hao wanne alikuwamo Surinder. Alizaliwa Kisumu, kama mimi, ila baba yake alikuwa fundi seremala mwenye karakana na baba yangu alikuwa akipiga randa katika karakana za watu. Kisumu hatukujuana. Tulijuana Birmingham, siku aliponisikia nikimtukana dereva wa basi kwa Kiswahili, akanijibu kutoka kiti cha nyuma, "Polepole, bwana, huyo ameelewa uso wako."

Tangu siku hiyo hatukuachana. Jumamosi nilikula kwao Acocks Green, mama yake akinirushia chapati nyingine kabla sijamaliza ya kwanza. Jumapili alikuja kwetu Nechells, kwenye vyumba viwili nilivyokaa na dada yangu Kemunto, muuguzi. Hapo ndipo nilipomfunza ushairi.

Mimi mwenyewe sikufunzwa na mtu. Mjomba alikuwa akituletea kwa posta magazeti ya Kiswahili, na ukurasa wa mashairi niliusoma hadi wino ukahamia vidoleni. Nilihesabu mizani peke yangu, silabi nane kipande cha kwanza, nane cha pili, mpaka nikajua mshairi gani anachechemea na gani anatembea. Surinder alihesabu kwa kugonga meza.

"Huyu ana tisa," alisema siku moja.

"Hesabu tena."

"Nane. Basi sawa. Lakini mbona huyu wa wiki hii ameiba mstari wa mwisho wa yule wa wiki iliyopita?"

"Hajaiba. Anamjibu. Ukimjibu mtu, unabeba kibwagizo chake. Usipokibeba, umemdharau."

"Nyinyi washairi mna adabu za ajabu," akasema, akacheka. Lakini alielewa. Nataka hilo likumbukwe, kwamba alielewa.

Mwezi wa Machi, Bwana Hollis, mwalimu wetu pale chuoni, alitupa insha ya mwisho, ile ya kuamua. Mada ilikuwa nyumbani. Siku zile gazeti lilikuwa limeleta shairi la mtunzi mmoja wa Voi, nisiyemjua, lenye kibwagizo hiki:

*Aliyehama nyumbani, nyumba yake iko wapi?*

Mtu aliuliza, na mimi nilikuwa na jibu. Nilitunga shairi kwanza kwa Kiswahili, kisha nikaligeuza lote kuwa insha ya Kiingereza, kurasa sita, na kila sehemu niliifunga kwa swali la yule mtu wa Voi. Nilimsomea Surinder mezani kwetu.

"Hii itakushindia," alisema.

"Najua."

"Wewe huwezi hata kusema asante?"

"Kwa nini niseme asante kwa jambo la kweli?"

Wiki mbili baadaye Bwana Hollis aliniita ofisini. Insha yangu ilikuwa mbele yake. Mstari ule ulikuwa umepigiwa wino mwekundu mahali pote pane.

"Sentensi hii ni yako?" aliuliza.

"Hapana. Ni ya gazeti."

Alinitazama kama mtu aliyetarajia kukanushwa. "Unakiri?"

Sikukijua kitu cha kukiri. Nilimwambia kwamba ninamjibu mtu, na jibu hubeba kibwagizo. Aliuliza mbona jina la mtu huyo halimo. Nikasema kila msomaji wa gazeti angelijua. Akauliza, taratibu, ni wasomaji wangapi wa gazeti hilo waliomo chuoni. Hapo nilikasirika, nikasema sikuja kufundishwa adabu ya ushairi na mtu asiyejua kuhesabu mizani. Kiingereza changu nikikasirika hukatika vipande. Alifunga faili.

"Mwenzako aliniambia umeitoa gazetini," alisema. "Nilitumaini amekosea."

Mwenzangu. Katika jengo lile zima alikuwapo mmoja tu aliyeweza kulisoma gazeti hilo.

Nilimkuta kituo cha basi, kilemba chake cha buluu kikionekana kutoka mbali.

"Ulimwambia nini Hollis?"

"Aliniuliza. Aliusifu sana mstari ule, akauliza kama ninyi huko kwenu husema hivyo. Nikamwambia mstari si wake huyo, kautoa gazetini." Alinitazama usoni. "Niambie, Fanuel, neno gani hapo la uongo?"

"Na kwamba ninajibu?"

Aligeuka kutazama kama basi linakuja.

"Na kwamba kibwagizo hubebwa? Ulisema kipande cha kwanza, cha pili ukakimeza."

"Baba ameshawaambia watu wote hekaluni, pale gurdwara, kwamba ninaingia chuoni," alisema. "Wote. Mpaka Mzee Gurbachan asiyesikia."

Basi lilikuja, akapanda. Mimi nilitembea hadi nyumbani.

Kemunto alinisikiliza akiwa bado na sare ya kazi. "Kesho mpelekee mwalimu lile gazeti na lile la wiki kabla yake. Mwonyeshe watu wanavyojibizana. Mwombe radhi kwa maneno yako."

"Siendi kumbembeleza mtu aniite si mwizi."

"Basi usiende. Lakini Surinder amekuuza mara moja, wewe unajiuza mara ya pili."

Sikwenda. Niliandika shairi, beti nne, nikachukua maneno ya Surinder mwenyewe kuwa kibwagizo, kwa sababu yalikuwa na mizani kamili, nane na nane. Alikuwa ameyasema bila kujua. Ubeti wa kwanza ni huu:

*Chapati tulizokula, kwa mama yako jikoni,*
*Ukafunzwa bila hila, kuhesabu vidoleni,*
*Leo waapa kwa Mola, ukisema ofisini:*
*Mstari si wake huyo, kautoa gazetini.*

Nililibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule, kati ya ratiba ya kriketi na tangazo la mwavuli uliopotea. Mamia walipita wakadhani ni habari za kanisa. Msomaji wake alikuwa mmoja, naye alisimama mbele yake hadi kengele ikalia. Nilimwona kidole kikigonga paja, kikihesabu.

Matokeo yalitoka Juni. Insha yangu ilipewa sifuri, na nafasi ilikuwa ya Surinder. Mimi nilipata kazi ya kupanga masanduku katika ghala, nyuma ya nyumba yetu.

Septemba, wiki aliyoanza chuo, ilikuja bahasha. Ndani hamkuwa na barua. Kulikuwa na shairi, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto. Alikuwa ananijibu. Nilihesabu mizani nikitafuta kosa, nikihesabu kwa hasira, na sikupata hata moja. Nilimfunza vizuri.

Beti nne, kila ubeti mistari mitatu. Chini ya kila mstari wa tatu alikuwa ameacha nafasi ya mstari mmoja, safi, imepimwa kwa rula.

Ili anijibu ilimpasa akibebe kibwagizo, ayaandike tena maneno yale kwa mkono wake, mara nne. Hakuweza.

Kemunto aliichukua karatasi. "Ipeleke kwa yule mwalimu."

"Ataona nini? Mahali patupu."

"Basi mwandikie kilichoachwa hapo," alisema, akaniwekea kalamu kando ya sahani, akaenda kazini. Karatasi ninayo. Kalamu sikuigusa.