Mwanamke wa Kumi na Mbili

Mstari alizikwa akiwa amebakiza mchoro mmoja. Kiwanda cha vitambaa kilimwagiza achore wanawake kumi na wawili wa kalenda, mmoja kwa kila mwezi, naye alikuwa amefika wa kumi na moja.

Watu walimwita Mstari kwa sababu alichora gauni zima bila kuinua brashi. Kila mara alisimama, akakohoa kidogo, akaanzia kisiginoni na kupanda mpaka kwenye shingo ndefu, na hapo akaacha. Wanawake wake hawakuwa na sura. "Sura inaiibia nguo," alikuwa akisema, na wachoraji wa mitindo waliomcheka mwanzoni wakaishia kumwiga.

Binti yake alichora kwa mkaa, akianzia machoni. Wanawake wake walikuwa wanene, wenye meno ya kucheka.

"Wa kwako wameshiba," baba alimtania.

"Wa kwako wana njaa, baba. Watakulaje bila mdomo?"

Mama mtu, fundi cherehani aliyezishona gauni hizo miaka yote, ndiye aliyemsihi binti ajifunze mkono wa marehemu ili amalizie kalenda. Tena aliomba. Kila asubuhi alipiga magoti kando ya cherehani akasema, Mungu wangu, mkono ule usizikwe.

Wiki ya tatu ya mafunzo hayo aliingia chumba cha kuchorea na chai, akamkuta binti amesimama.

"Kaa, mwanangu, utaumwa miguu."

"Nikikaa mkono unakataa."

Kisha binti akakohoa kidogo, brashi ikagusa karatasi kisiginoni. Mama aliweka kikombe chini. Mstari ulipanda bila kukatika, na ulipofika juu, bega la kushoto likashuka.

Bega lile lilikuwa la mama. Aliwahi kuanguka ngazini kabla binti hajazaliwa, likashuka miezi kadhaa hadi lilipopona, na marehemu alimchora hivyo mara moja tu, kwenye karatasi waliyoichoma wenyewe.

"Nani kakwambia ulishushe?"

"Sijui. Limeshuka lenyewe."

Mchoro ulikuwa kamili. Kiwandani wasingejua kwamba si mkono wa marehemu, na gari lao lilikuwa linakuja saa nane kuchukua. Mama alivuta kiti akaketi mbele ya binti yake, dirishani penye mwanga.

"Shika mkaa. Nichore mimi, uanzie machoni kama zamani."

Binti alimtazama muda mrefu. Mkaa haukugusa karatasi.

"Mama, nakutazama, lakini siuoni uso wako. Naona shingo, halafu weupe wa karatasi."

Mama alijua basi kwamba ombi lake lilikuwa limekubaliwa, na aliyelilipia ni mtoto. Aliuchukua ule mchoro wa kumi na mbili, akaukunja, akautia motoni jikoni. Gari lilipokuja, akampa dereva bahasha.

"Mbona nyembamba?"

"Ni kumi na mmoja. Waambie marehemu alifika hapo."

Akarudi kitini. Akakishika kiganja cha binti chenye masizi, akakipitisha usoni pake taratibu: paji, nyusi, kope, mifuko ya chini ya macho.

"Umeshika nini?"

"Jicho."

"Liweke."

Binti alifumba macho yake akaliweka kwenye karatasi. Lilitoka kubwa, limepinda, na kope zake chache. Mama alilitambua kuwa lake. Akaanza kusali kimyakimya, bila kusogeza uso, akisubiri la pili.