Vipimo vya Mheshimiwa Diwani

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya tatu baada ya uchaguzi, mke wa diwani aliingia katika kibanda cha fundi cherehani akiwa na kikapu cha sokoni, na ndani ya kikapu alikuwamo diwani.

Alikuwa amekalishwa juu ya taulo lililokunjwa mara nne, amejitanda leso nyeupe iliyofungwa shingoni kwa uzi. Fundi alisalimia, akapangusa vumbi la chaki kwenye meza ya kukatia, akamsogezea mke wa diwani kiti. Diwani alitolewa kikapuni kwa mikono miwili, akasimamishwa mezani kati ya mkasi na pasi. Pasi ilikuwa bado haijapata moto.

"Suti ya kuapishwa," mke wa diwani alisema. "Jumamosi ijayo saa nne. Rangi ileile ya siku zote."

Fundi aliivua futi yake shingoni akaanza kupima. Urefu ulikuwa sentimita kumi na sita kasoro unywele. Mkono, tano na nusu. Mguu wa suruali, saba. Tumbo halikuwa limepungua sawasawa na viungo vingine. Lilikuwa kumi na moja. Mke wa diwani aliomba kiuno kiachiwe nafasi kidogo, maana mwenyewe alikuwa anakula vizuri tu.

Vipimo hivyo fundi aliviandika kwenye ukurasa uliokuwa na vingine vitatu vya mtu huyohuyo. Wakati diwani alikuwa bado mwuza mabati, kabla hajaingia kwenye siasa, alikuwa na urefu wa sentimita mia moja sabini na saba. Aliposhinda mara ya kwanza alishuka hadi mia moja na ishirini, na watu wakasema ni sukari. Aliposhinda mara ya pili alifika sitini, wakasema ni kazi nyingi. Fundi hakuwa mtu wa kuamini maneno ya barazani. Alikuwa amekwenda ofisi ya kata, akanakili hesabu za kura zilizobandikwa ukutani, akazigawanya nyuma ya karatasi ya kukatia suruali. Mara ya kwanza, kati ya watu mia walioandikishwa, sitini na wanane walimpigia diwani kura. Mara ya pili, thelathini na wanne. Safari hii walioandikishwa walikuwa elfu kumi na mbili na mia nne, na waliomchagua elfu moja mia moja na kumi na sita, yaani tisa katika mia. Ukichukua tisa katika mia ya urefu wa mwuza mabati, unapata sentimita kumi na sita kasoro unywele. Futi na hesabu zilikubaliana.

Hayo alimwambia mkewe peke yake. Mkewe alisema ndivyo inavyotakiwa kuwa, kisha akamuuliza kama amekumbuka kununua sabuni.

Mpinzani wa diwani, muuguzi mstaafu, alibaki na urefu wake wote, kwa kuwa hakushinda. Katibu wa chama wa kata naye hakuwa amepungua hata kidole. Yeye aliteuliwa, hakuna aliyewahi kumpigia kura.

Fundi alikuwa na sababu yake ya kupiga hesabu hizo. Kibanda chake kilikuwa cha tisa katika safu ya vibanda ishirini na sita vilivyopakana na ofisi ya chama, na miezi miwili kabla ya uchaguzi safu nzima ililetewa barua. Barua ilisema eneo hilo linatakiwa kwa maegesho ya magari, na kwamba uamuzi wa mwisho utatolewa na baraza jipya la madiwani. Muuguzi alisema hadharani kwamba akichaguliwa, jambo hilo atalitoa kwenye ajenda siku ya kwanza. Diwani alisema linashughulikiwa. Fundi alikuwa amekaa mahali pale miaka kumi na tisa. Wateja wake wengi hawakujua jina lake wala nyumbani kwake. Walijua mlango wa tisa.

Safu hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Mwenzao akifiwa au akiozesha, hawakufunga kazi wote. Walimtuma mmoja, naye alikwenda kwa niaba ya wote, akatoa pole au pongezi kwa majina yao wote, na hakuna aliyelaumiwa kwa kutoonekana. Siku ya uchaguzi ilikuwa Jumatano yenye kazi nyingi, wakaufuata utaratibu huo. Walimtuma fundi viatu, waliyezoea kumwita Kiraka, kwa kuwa mvua hazijaanza na viatu vya kushona vilikuwa vichache. Kiraka aliondoka saa nne kamili. Kituoni hakukuta foleni. Alikuta wasimamizi wanne, askari mmoja aliyekuwa anasinzia na sanduku. Saa nne na nusu alikuwa amerudi, na kidole chenye wino amekiinua juu ili kila mtu akione.

"Nimewawakilisha," alisema. "Na alama nimeikandamiza kwelikweli."

Walimshukuru, kila mtu akarudi kwenye shughuli yake. Fundi seremala aliongeza kwamba hata hivyo mambo yalishaisha kwenye kura za maoni ndani ya chama, na kwenda kituoni ni kukamilisha ratiba tu. Hakuna aliyembishia.

Muuguzi alipata kura elfu moja na tisini na tano. Alizidiwa kwa kura ishirini na moja. Fundi alichukua ishirini na sita, akamtoa Kiraka, akabaki na ishirini na watano. Aliitazama hesabu hiyo kwa muda, kisha akaikunja karatasi na kukatia kola ya diwani.

Jumatano mke wa diwani alirudi kwa ajili ya kujaribisha. Alimwacha mumewe mezani, akasema anapitia sokoni na hatazidi saa moja. Diwani alisimama juu ya kibiringo cha uzi mweusi akiwa amevaa koti lisilo na mikono bado. Mkasi ulikuwa umelala karibu naye, mrefu kumzidi kwa sentimita nane. Fundi aliusogeza mbali, maana ukisukumwa ungeweza kumwangusha. Diwani aliomba na pasi isogezwe pia, ilikuwa inamchoma. Sauti yake ilikuwa imepungua kwa kiwango kilekile cha mwili, ikabidi fundi ainamishe sikio.

"Mheshimiwa," fundi alisema akiwa na pini mbili mdomoni, "na ile barua yetu?"

"Inashughulikiwa."

"Inashughulikiwa kwa kubomoa au kwa kuacha?"

Diwani alinyanyua mkono ili apimwe kwapa. "Fundi, mimi na wewe ni watu wazima. Siku ile ulikwenda kupiga kura?"

"Tulimtuma Kiraka."

"Mlimtuma."

"Kwa niaba ya wote."

"Akampa nani?"

Fundi alitoa pini mdomoni. "Muuguzi."

Diwani hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa mita ya maji na kuiona ni sahihi. "Basi mlikuwa na kura moja, mkaitumia. Mimi walionichagua ni wale waliobebwa na magari ya chama, na magari yanataka pa kuegesha. Halafu niangalie nilivyo. Faili lenu mimi siwezi hata kulifunua jalada. Analifunua katibu."

"Lakini katibu hapigi kura barazani. Unapiga wewe. Ukisema hutaki, hutaki."

"Hatanisikia."

"Barazani kuna maikrofoni."

"Ipo," diwani alisema. "Anayeishika ni yeye."

Fundi aliweka pini ya mwisho begani, akamgeuza taratibu kwa ncha ya kidole, akaangalia mgongo. Koti lilikaa vizuri. Mke wa diwani alirejea baada ya dakika hamsini na tano, akamweka mumewe kikapuni, mbali na nyanya.

Jumamosi saa nne fundi alikuwa ukumbini, ameitwa kuishikiza kola iwapo ingeinuka. Madiwani walikuwa kumi na wanane. Kumi na watano kati yao walienea kwenye meza moja na nafasi ikabaki ya jagi la maji. Aliyekuwa mrefu kuliko wote alitoka kata iliyokuwa na ugomvi wa barabara, ambako watu walijitokeza. Alifika sentimita sabini na mbili na akapewa kiti chake mwenyewe. Mwanasheria wa halmashauri alieleza kwamba amepitia kanuni zote. Akidi inahesabiwa kwa vichwa. Kimo hakikutajwa mahali popote. Sahihi inatakiwa iwe ya wino, na basi.

Katibu alimshika diwani katika kiganja cha mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akamsogezea maikrofoni. Diwani akaapa. Kwenye spika sauti yake ilitoka kama ya miaka yote, pengine nzito kidogo zaidi, na watu wa nyuma ambao hawakuona meza vizuri walipiga makofi kama kawaida. Baada ya chai kilifuata kikao cha kwanza. Maegesho yalikuwa ajenda ya kumi na moja. Karani alitumia lenzi ya kusomea ili kuhesabu mikono iliyonyooshwa kukubali. Aliikuta kumi na minane. Fundi alikuwa amesimama ukutani na sindano yake, na aliona wazi kwamba mkono wa koti alilolishona haukubana mahali popote.

Barua ililetwa Jumanne. Iliwapa siku kumi na tatu. Sahihi ya diwani ilikuwa chini kabisa, ndogo kama sisimizi, na seremala alijaribu kuipuliza akidhani ni mdudu. Muhuri ulikuwa wa ukubwa wa kawaida.

Jioni hiyo walikwenda kwa muuguzi, safari hii wote ishirini na sita. Aliwapokea uani, akawatolea mikeka na viti alivyokuwa navyo, akaisoma barua mara mbili. Alisema imekamilika, haina kasoro. Yeye pia angeweza kuwaandikia nyingine ya kuipinga, kwa mwandiko mkubwa tu, lakini haingekuwa na muhuri. Kisha aliwauliza, bila ubaya, kama siku ya uchaguzi walikuwa wagonjwa.

"Mimi nilikwenda," Kiraka alisema.

"Wewe najua," muuguzi alisema. "Nilikuona njiani ukirudi na kidole juu."

Njiani kurudi, fundi aliwatajia zile hesabu: ishirini na moja, na ishirini na watano. Aliona hakuna faida ya kuendelea kuzikalia. Fundi redio akauliza ingekuwaje kama wangekwenda wote. Fundi alimjibu kwamba muuguzi angeshinda kwa kura nne, na asubuhi yake angeamka na sentimita kumi na nne na nusu, kwa kuwa kabla ya hapo hakuwa mrefu sana. Walikubaliana kwamba zingetosha.

Nyumbani, mkewe alipima kwa mkono nafasi iliyokuwapo kati ya kitanda na kabati. Cherehani ingeingia, meza ya kukatia isingeingia.

"Na wateja watakuja mpaka chumbani?" alimuuliza.

Fundi aliivua futi shingoni akaipima nafasi ileile.

"Kituo kiko hatua mia mbili kutoka kibandani kwako. Ulishindwa nini, baba watoto?"

"Nilikuwa na suruali tatu za kukabidhi siku ile."

"Wenyewe wakazifuata?"

"Mmoja."

Mkewe alilisukuma kabati karibu na ukuta, zikapatikana sentimita nne zaidi.

Siku ya kumi na tatu iliangukia Jumatatu. Saa mbili na dakika tano asubuhi tingatinga liliingia kutoka upande wa ofisi ya chama, likaanzia kibanda cha kwanza na kufuata namba. Fundi alikuwa ameshapakia cherehani, pasi, kioo na mabunda ya vitambaa kwenye mkokoteni. Mbele ya mlango wake aliandika kwa chaki juu ya jiwe mahali alipohamia, pamoja na rangi ya geti. Dereva wa tingatinga alisubiri amalize kuandika.

Katibu alifika saa nne. Diwani alikuwa katika mfuko wa shati lake, amevaa suti, kichwa na mabega vikionekana. Katibu aliwasha kipaza sauti cha mkononi na kumsogezea. Diwani aliwashukuru wananchi wa kata kwa kujitokeza kwa wingi na kumpa ridhaa kwa mara ya tatu. Alisema maendeleo yana gharama zake na kwamba malalamiko ya wafanyabiashara wadogo yanashughulikiwa. Waliokuwa wanasikiliza ni mafundi ishirini na sita, dereva wa tingatinga, na mteja mmoja wa fundi aliyekuja kuulizia suruali yake. Alipewa. Alisema inambana kiunoni, na fundi akaipokea tena.

Saa sita na robo mahali pale palikuwa tambarare. Jiwe lenye maandishi lilikuwa limechotwa pamoja na mengine. Vijana wawili wa halmashauri walipiga mistari ya chokaa, wakapata nafasi kumi na nne. Saa saba kamili gari la kwanza liliegeshwa katika nafasi ya tano, mahali ilipokuwa meza ya kukatia.