Alichokiona Mwosha Maiti

Mwantumu alikuwa akiwaosha maiti wa kike wa Ruangwa tangu mama yake amwachie kazi hiyo, na sharti lilikuwa moja: uliyoyaona chini ya shuka yanazikwa na mwenyewe. Alipomwosha Mwanaima aliona damu, akajua mimba imeharibika. Na mume, Shaibu, alikuwa Nachingwea kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, mwaka wa pili huo hajakanyaga nyumbani. Mwantumu akafunga sanda, akafunga na mdomo.

Walizika siku ileile, kama ada. Nani angekumbuka kwamba serikali inataka kifo cha ghafla kiripotiwe kabla ya maziko? Aliyekumbuka ni Isihaka, kaka wa marehemu, tena baadaye, na kwa ubaya: alikwenda polisi kusema dada yake kalishwa sumu na mke mwenzake, Sabaha, aliyempikia uji. Sabaha akawekwa ndani. Kila akihojiwa, jibu lake moja tu: "Sikumpa sumu."

Daktari wa serikali alifika kavaa vumbi na uchovu. "Kaburi la wiki ya tatu halitanieleza kitu," alisema barazani. "Sababu ya kifo isipojulikana, mwanamke huyu anapelekwa Lindi kwa kesi ya kuua."

Kesi ya kuua ni kitanzi. Mwantumu alimfuata daktari faraghani, akamwambia yote, akilia kwa aibu ya kumvua Mwanaima nguo mara ya pili.

"Mama, sheria inaniuliza kilichomuua," daktari akamjibu. "Hainiulizi alikuwa na nani." Akaandika: kutokwa na damu nyingi.

Sabaha akaachiwa. Mwantumu alimngoja nje na kanga safi, akitegemea shukrani. Sabaha hakuipokea.

"Bibi, unadhani sikujua? Alifia mikononi mwangu. Nilimwapia sitasema."

"Wangekunyonga, mjukuu wangu."

"Ningekufa na neno langu. Lako liko wapi?"

Mwantumu akaikunja kanga, akaitia kwapani. Walitembea mpaka nyumbani kwa Sabaha, wakamkuta Shaibu mlangoni, kaja mbio kutoka Nachingwea. Habari ya daktari alikwisha kuipata.

"Damu ya nini, Bibi?" aliuliza. "Niambie wewe uliyemwosha."

Mwantumu alimtazama Sabaha, kisha akamgeukia Shaibu.

"Mimi naosha tu, baba," akasema. "Sina macho."

Sabaha akanyoosha mkono, akaipokea kanga.