Jeni ya Sumu Kwenye Jeraha la Fundi

Kwa miaka kumi na mmoja, Mama Sahani hakuwahi kuonana na mgonjwa. Wenzake wa maabara walimpa jina hilo kwa jinsi alivyozibembeleza sahani zake za kuoteshea bakteria. Wagonjwa walimfikia wakiwa usaha ndani ya kichupa chenye namba, basi.

Asubuhi moja kikaja kichupa cha fundi cherehani aliyelazwa na jeraha pajani. Bakteria wakaota, na kwenye sahani dawa ikawaua bila taabu. Lakini kesho yake daktari akapiga simu.

"Dada, dawa ni ileile uliyoniambia, ila jeraha linazidi kuchimba. Leo jioni huenda tukaukata mguu."

Mama Sahani akaitazama tena ile sahani. Alijua kuwa bakteria wa aina ile ni wa kawaida tu, lakini wachache hubeba jeni ya kutengeneza sumu inayoharibu nyama.

"Nivumilie mpaka saa tisa," akasema.

Siku hiyo hakutia kitu tumboni. Alitoa jeni za wale bakteria, akaziweka kwenye mashine, akangoja roho juu. Picha ilipotoka, jeni ya sumu ilikuwepo: mstari mweupe kwenye weusi. Akapanda ngazi mbiombio mpaka wodini. Daktari akaongeza dawa ya pili, ya kuwazuia bakteria wasitengeneze sumu. Siku ya tatu homa ikashuka. Mguu ukapona.

Wiki tano baadaye, mtu mwenye mkongojo alisimama dirishani pa maabara pamoja na mkewe.

"Hodi! Ni nani aliyekuwa akiwalea wadudu wangu?"

"Ni mimi, baba," Mama Sahani akajibu, kicheko kikimtoka. Akamwonyesha ile picha.

Fundi akaikodolea macho. "Kamstari haka ndiko kalikotaka kunizika?"

"Ndiko hako."

Mkewe hakucheka. Alimshika Mama Sahani mikono yote miwili. "Mwanangu, sina la kukulipa. Asante."

Mama Sahani alitaka kusema ni kazi tu, akaghairi. "Asanteni nyinyi kwa kuja," akasema.

Fundi alikuwa akilitazama koti jeupe la Mama Sahani. "Mfuko umefumuka huo. Hebu livue."

Akaketi kwenye benchi la korido, akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati, na kuanza kushona. Mama Sahani akaketi kando yake, akimsikiliza akisimulia habari za wateja wake.